Shavu la Mama Pacha

4 Februari

Mjukuu wangu,

Salamu nitaziweka mwisho, kama zitabaki. Simu nimeizima makusudi. Kwenye simu una maneno ya kuteleza, "Bibi ngoja, Bibi nisikilize", mara mtandao umekatika. Barua haikatiki. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, lakini herufi zote nilikuwa nimeshazipata kabla hawajanitoa, kwa hiyo kaa chini usome.

Jana nilikwenda duka la vipodozi kununua sabuni ya mche. Mwenye duka ametundika televisheni nje, juu ya mlango, inapiga kelele kutwa. Nikiwa nasubiri zamu yangu nikainua macho, nikajiona.

Nilijiona mimi, nimeinama kwenye bomba la uani kwangu, nanawa uso. Kushoto wameandika KABLA. Uso ule ni kama gunia lililolala kwenye mvua. Una weusi chini ya macho, mikunjo mirefu ambayo sina, na madoa ambayo sikuzaliwa nayo wala sikuyapata ukubwani. Nina miaka sabini na moja. Mikunjo ninayo, na kila mmoja naujua ulikotoka. Ile haikuwa yangu.

Kulia wameandika BAADA. Hapo ndipo mate yalinijaa mdomoni nikatafuta pa kutemea. Uso umekuwa kama yai la kuchemsha lililomenywa. Hauna mstari, hauna kinyweleo, hata pua imefifia kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Na lile yai linacheka kwa meno yangu! Halafu sauti ya mwanamke inasema, "Siku kumi na nne tu." Siku kumi na nne za nini? Mimi usoni napaka mafuta yaleyale ninayopaka nyayo.

Watu wakageuka. "Bibi, kumbe siri yako ndiyo hii!" Mama Pacha, mke wa fundi viatu, jirani yangu, yule ambaye pacha wake wanashinda kwangu akiwa kazini, alikuwa tayari ameshika kopo. Nikamwambia, "Liweke chini." Akacheka. "Bibi wewe, unataka uwe mzuri peke yako mtaa mzima?" Akaondoka nalo.

Wewe ndiye mwenye kazi ya mavideo. Ulikuja likizo ukanipiga video nikinawa, ukasema ni ya kumbukumbu. Nijibu kwa mwandiko wako: nani ameuchukua uso wangu?

Bibi yako

*

12 Februari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu hausumbui tena. Sisi tuko salama, kazi ni nyingi tu.

Barua yako nimeipata na nimecheka kidogo, usikasirike. Bibi, duniani wawili wawili. Video za matangazo zinanunuliwa kutoka mbali, kila mahali kuna kina mama wazee wanaonawa bombani. Ile ya kwako ninayo mwenyewe, sijampa mtu. Labda ni mama mwingine mnayefanana naye, na televisheni za madukani nazo zina rangi za ajabu.

Nimekutumia shali ya kijivu, jioni ni baridi.

Usiwaze sana.

Mume wako, mjukuu

*

19 Februari

Wewe,

Ukome kujiita mume wangu. Utani wa bibi na mjukuu ni wa watu wasiodanganyana. Nimekuacha, na shahidi wa talaka ni hii kalamu. Shali nimempa paka.

Eti mama mwingine! Mama mwingine ana beseni langu la bluu lililoyeyuka ukingo siku uliposahau pasi juu yake? Mama mwingine ana mikono yangu? Nimerudi dukani siku tatu mfululizo, nimesimama kama askari, nikaitazama ile takataka mpaka mwisho. Mikono ni yangu. Miaka thelathini na miwili nimefua mashuka ya hoteli kwa hii mikono, dawa ya kung'arisha imekula vidole mpaka vimekuwa kama mizizi. Uso wameulainisha, mikono wakaiacha. Kichwa cha msichana kwenye mikono ya kizee, kama mtu aliyeokota kichwa njiani akakipachika.

Na kuna kingine. Nikigeuka kufuata taulo, shavu linachelewa. Kichwa kimeshafika, shavu bado liko njiani, halafu linakimbia kujibandika. Nimeona wengi hawalioni. Mimi nimeliona, na chakula cha mchana kilinishinda.

Sasa sikiliza la maana. Mama Pacha ameungua. Alipaka siku nne, kwa sababu aliniona mimi. Shavu la kulia limevimba, limepasuka, linatoa maji. Mganga wa zahanati amemwambia aliache lile kopo na aombe lisiache kovu. Nilikwenda kumpa pole. Mumewe alisimama mlangoni na kiatu cha mtu mkononi, akasema, "Bibi, wamekulipa nini?" Hakuniambia karibu.

Unajua mimi naishi kwa nini. Hoteli waliponistaafisha, mtaa uliniletea watoto wake. Watoto saba walikuwa wanashinda kwangu mama zao wakiwa kazini, na hakuna mama aliyewahi kuniuliza mara mbili, kwa sababu nikisema mtoto amekula, amekula. Jumatatu walikuja watatu. Jana hakuja hata mmoja. Mama mmoja alinipita njiani akamwambia mwenzake, sauti ya kusikika, "Aliyeuza uso wake, watoto wa watu kwake ni nini?"

Nimekaa kwenye chumba kitupu naandika hii. Nataka jina langu. Niambie ukweli, na uwe mchafu kama ulivyo, usiufue kwanza.

Bibi

*

27 Februari

Bibi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Ni mimi. Hakuna aliyeiba. Mwigizaji wa tangazo hakutokea siku ya kupiga picha, na bosi alitaka kazi kesho yake. Nilikuwa na video yako kwenye mashine. Niliiweka ya kujaribia tu, ili aone mpangilio. Akasema, "Huyu huyu! Huyu watu watamwamini." Ningeweza kusema hapana. Sikusema.

Nikueleze nilivyofanya, kwa sababu umeomba. Kwenye programu yetu video si kitu kimoja. Ni matabaka, kama kitanda: godoro, shuka, blanketi. Tabaka la chini kabisa ni wewe, bombani, kama ulivyo. Nikalinakili mara mbili. Nakala ya kwanza ndiyo KABLA: nikaweka filta ya kukoleza vivuli, ikachimba mikunjo, madoa nikayachora kwa mkono. Nakala ya pili ndiyo BAADA: filta ya kulainisha ngozi, juu yake ya kung'arisha, juu yake ya kuongeza wekundu wa midomo. Ili filta zisiguse ukuta, nilichora duara kuzunguka uso wako, na kila unapogeuka duara lazima likufuate. Hapo penye taulo uligeuka haraka, duara likachelewa. Hilo la shavu, Bibi, hata bosi hakuliona. Una jicho. Mikono niliisahau kabisa.

Nimemwambia bosi aliondoe tangazo. Amesema limeshalipiwa, na mimi nikichoka mlango ninaujua. Basi nimetoka. Sina kazi tangu jana. Lakini faili ninalo. Nitatengeneza video ya kuonyesha uongo wote: nitayazima matabaka moja baada ya moja watu wakiona, mpaka ubaki wewe halisi. Utawaonyesha mtaa mzima. Niruhusu.

Mjukuu wako

*

6 Machi

Wewe mtoto,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kulia, mara ya pili nilitaka kukucharaza. Unanieleza ulivyonichimba mikunjo kama fundi anayesifia meza yake! "Una jicho, Bibi." Sitaki sifa zako. Madoa uliyachora kwa mkono. Mkono huo nimeuosha mimi, nimeukata kucha, nimeufundisha kushika kijiko. Ukakaa mbele ya mashine, ukautazama uso wa bibi yako, ukasema huu hautoshi ubaya, ngoja niuongeze.

Mimi nimefua mashuka ya kila aina ya watu, mjukuu wangu, mengine siwezi kuyataja kwenye karatasi. Doa unalitoa au unasema limeshindikana. Wale waliokuwa wanalipaka chokaa juu ili msimamizi asilione, tulikuwa hatuli nao.

Umeacha kazi, vizuri. Usinitafutie huruma kwa hilo.

Hiyo video yako ya kuzima matabaka, nimekubali. Si kwa ajili yako. Nimekwenda kwa Mama Pacha nikakaa kibarazani kwao saa nzima, mumewe anagonga visigino kama hanioni. Mwishowe Mama Pacha mwenyewe akatoka na kitambaa usoni. Nikamwambia yote. Kwamba aliyefanya ni damu yangu, na mimi sikupewa hata kipande cha sabuni. Akasema, "Bibi, wakionyeshwa wewe ulivyo, na mimi nionyeshwe nilivyo. Waone lile kopo limefanya nini. Vinginevyo watasema nilijikwaruza."

Unaelewa maana ya mwanamke wa miaka thelathini kukubali hilo? Haendi hata dukani mchana. Alivua kile kitambaa juani, fundi viatu akampiga video kwa simu yake, akimuuliza kila mara kama jua linamchoma, yule mwanamume mwenye midomo mikali hivyo. Video amekutumia leo. Iweke mwisho. Usiiguse.

Bibi

*

15 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nimempa dereva wa basi bahasha, ndani kuna kadi ya kuchomeka kwenye televisheni. Video inaanza na tangazo, kisha filta zinazimwa moja moja, sauti yangu inaeleza, mpaka unabaki wewe. Mwisho ni Mama Pacha, kama alivyoagiza. Nimeitazama mara mbili. Ni ukweli mtupu.

Waambie mtaa kwamba ni mimi. Jina langu nimelitamka mwanzoni.

Mjukuu wako

*

18 Machi

Umemfuta.

Sijui nianzie wapi.

Fundi viatu alibeba televisheni yao kichwani akaileta sebuleni kwangu. Walikuja watu ishirini na kitu, wengine walisimama dirishani. Mwenye duka la vipodozi naye alikuja, amekunja mikono. Wakasikia sauti yako. Wakaona uso wa yai ukitoka, uso wa gunia ukitoka, nikabaki mimi, na nikasikia mtu nyuma anasema, "Kumbe!" Mama mmoja akanishika bega. Nilidhani yamekwisha.

Kisha akaja Mama Pacha. Shavu laini. Laini, mjukuu wangu! Halina kidonda, halina hata chunusi. Linang'aa kama sahani. Jua lilelile, ukuta uleule, kitambaa kilekile mkononi, na shavu la mtoto mchanga.

Mwenye duka akacheka. "Sasa ameungua wapi huyu? Si amependeza?" Na wengine wakacheka, walewale. Mama Pacha alikuwa amekaa mbele kabisa, amejifunika. Alisimama, akafungua kitambaa mbele ya watu wote, kidonda kikiwa hapo, kinatoa maji, akamgeukia kila mtu mmoja mmoja. Wakainamisha macho. Hakuna aliyejua atazame wapi, kwenye televisheni au kwake. Akaniambia mimi, "Bibi, mnanifanyia mchezo." Akatoka.

Nimepiga deki sebule nzima walipoondoka. Harufu haitoki.

*

24 Machi

Bibi,

Sina shikamoo ya kuweka hapa.

Nimelifungua faili. Kuna tabaka moja tupu, halina picha yoyote. Linakaa juu ya mengine yote, na filta ukiiweka pale inamwagikia kila kilicho chini yake. Kila kazi ya vipodozi naanza kwa kuweka filta ya kulainisha pale juu, kali, ili kila ngozi ipite humo. Mkono umezoea, sifikirii tena. Video ya kukusafisha niliitengeneza ndani ya faili lilelile la tangazo. Kwako lile tabaka nililizima mwishoni, nikakumbuka. Kisha nikaweka video ya Mama Pacha, programu ikasumbua, nikaifunga na kuifungua upya. Lile tabaka likarudi limewaka, kwenye kipande chake tu. Halionekani, Bibi. Unaona kazi yake tu.

Lakini si mashine. Nilisema niliitazama mara mbili, na ni kweli. Nilimwona. Nilitazama shavu lile na sikuona tatizo. Niliona ngozi nzuri, nikasema kazi imeisha.

Niambie nitume nyingine leo hii. Haina filta hata moja. Naapa.

Mjukuu

*

28 Machi

Mjukuu,

Usitume kitu.

Hilo ulilosema mwishoni ndilo limenitia kinyaa kuliko yote. Si ile filta. Kufunga na kufungua, mashine kukumbuka na kusahau, hayo siyajui na sitaki kuyajua. Ulimtazama mwanamke aliyeungua na ukaona amependeza. Jicho lako limeoza. Nimeona wanaume wakipofuka kwa pombe na kwa uzee, sijaona anayepofuka kwa kutazama sana.

Ukituma nyingine, nani ataiamini? Mtaa wetu sasa hata mtu akijikata kidole wanasema ni video. Mwenye duka ameongeza sauti ya televisheni yake. Watoto bado hawaji. Mama Pacha amenifungia mlango, na mimi simlaumu.

Panda basi. Usibebe mashine, usibebe kadi, usibebe zawadi. Njoo na huo uso wako mkavu ukae mbele yake mchana kweupe. Akikutemea, utajifuta nyumbani.

Bibi

*

14 Aprili

Mjukuu wangu,

Umerudi huko salama, dereva ameniambia. Nilikuwa nyuma ya uzio wangu siku ile ulipokwenda kwa Mama Pacha, niliona na nilisikia, usidhani nilikuwa nafua.

Nilimwona anakuacha umesimama kibarazani mpaka jua likakufika kichwani. Nilimwona anatoka na karai la viazi na kisu, anakaa, anakuonyesha kigoda. Sikutegemea akuambie vile. "Kitambaa hiki natoa. Nitazame mpaka nimalize viazi." Ukainama. Akasema, "Siko chini huko." Na akakuuliza, "Unaona nini?" Ukasema, "Jeraha." Akasema, "Jeraha hata kipofu atasema. Rangi gani? Pembeni pakoje? Panapotoa maji ni wapi?"

Nilikusikia ukitaja. Pembeni pekundu. Katikati pamepauka. Chini ya jicho ngozi imekunjika kama karatasi iliyolowa. Hapa panaanza kukauka. Hapa bado. Ulitaja mpaka sauti ikakuishia, na viazi vilikuwa bado nusu karai. Fundi viatu aliacha kugonga. Waliokuwa wanapita walisimama, na kwa mara ya kwanza nao walimtazama, kwa sababu kulikuwa na mtu anawasomea. Yule mwenye duka alikuwa miongoni mwao. Hakucheka. Ulipoondoka alizima ile televisheni. Makopo bado anayauza, ameyasogeza nyuma, usidhani watu wanageuka malaika.

Mama Pacha hakukusamehe. Nilimuuliza. Alisema, "Nimemfanyisha kazi, basi." Na mimi nakuambia wazi, bado nikikumbuka lile yai lenye meno yangu naacha kula. Litapita au halitapita. Sitakudanganya ili ulale vizuri.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlango uligongwa. Mama Pacha, kitambaa mabegani, shavu wazi, amewashika pacha mkono huu na huu. Hakunisalimu. Alisema, "Wamekula. Huyu wa kushoto ana mafua, asichezee maji." Akaenda kazini.

Wale watano wengine hawajaja. Nimetandika mkeka wa wawili.

Bibi yako